Inveta inanimalizia betri hata nikizima kila kitu, umeme unaenda wapi wakuu?

#1 Kibanda_Liwale
Wakuu habari. Nipo ndani ndani huku Liwale, nguzo za umeme zimeishia kijiji cha jirani, nina kibanda cha kuonyesha mpira. Mitambo yangu ni paneli mbili za wati 150, kontrola ya kuchajia ya ampea 30 hizi za PWM, betri mbili za 100Ah (ampea-saa) nimeziunga sambamba, na inveta ya wati 2000 ya 12V. Vinavyokula ni TV inchi 32, king'amuzi, spika ya besi na taa nne. Mpira ukiisha saa sita usiku nazima TV, nazima taa, nafunga mlango, inveta naiacha hewani kwa sababu asubuhi vijana wanaleta simu kuchaji. Asubuhi nakuta inalia piiiiii na betri inasoma 10.9. Juzi ndo imenidhalilisha kabisa, dakika ya 80 giza, watu wanataka mia tano zao. Sasa kama nimezima kila kitu huo umeme unaenda wapi?

#2 Ngoja_Waje
Ngoja wajuzi waje. Ila mkuu mia tano uliwarudishia?

#3 Kibanda_Liwale
Nusu yao. Wengine nimewaahidi mechi ya Jumapili bure.

#4 FundiVolti
Mkuu hujazima kila kitu, inveta yenyewe ni mtumiaji. Ikiwa imewashwa tu bila kuchomekwa kitu inakula, na inavyokuwa kubwa ndo inakula zaidi. Hizo za wati 2000 za bei ya kawaida utakuta inavuta ampea moja mpaka mbili ikiwa imekaa bure. Piga ampea 1.5 mara masaa 24 unapata 36Ah. Betri ya risasi hutakiwi kwenda chini ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo kwenye 200Ah zako unazoruhusiwa ni 100, na zaidi ya theluthi inveta imeshazila peke yake kabla hujaangalia hata goli moja. Dawa ya kwanza ni bure, zima inveta kwenye swichi yake ukimaliza mpira.

#5 Kapteni_Sola
Fundi nakuheshimu ila hesabu haijibu swali lake. Anafunga saa sita, anafungua saa moja asubuhi, ni masaa 7. Mara 1.5 ni ampea-saa kumi na nusu. Betri za 200Ah ziangushwe na ampea-saa kumi? Hapo kuna betri imekufa. Mleta mada betri zako zina umri gani na ulizinunua pamoja?

#6 Kibanda_Liwale
Moja ya mwaka jana, nyingine nilimwachia jamaa yangu wa mashine ya kusaga akanirudishia, ina kama miaka minne.

#7 Kapteni_Sola
Basi nimemaliza.

#8 Mzee_wa_Maji_ya_Betri
Hujamaliza, umetaja ugonjwa hujampima mgonjwa. Kijana, hizo betri zina vifuniko vya kuongezea maji au zimezibwa? Kama zina vifuniko tafuta haidromita, ile ya kioo yenye mpira wa kunyonyea, kwa mafundi wa magari ipo. Chaji mpaka zijae, nyonya kila chumba. Vyumba sita vyote visome karibu 1.26 hivi. Ukikuta vitano viko hapo na kimoja kipo 1.12 huyo ndiye mchawi wako, na ukiziacha zimeungana usiku ile mbovu inainyonya nzima mpaka zote zinaamka masikini.

#9 MamaVifaranga
Niongezee langu. Nipo Singida nina mashine ya kutotolesha mayai, niliilaza kwenye inveta ya wati 1000 mashine yenyewe inakula wati 60 tu. Siku ya 17 usiku wa manane inveta ikakata, nimeamka saa kumi na moja mayai ya baridi kama ya dukani. Trei nzima. Fundi mmoja akaja akaniambia mama wewe unatoa umeme wa 12 kwenye betri unaupandisha 220 halafu ndani ya mashine unashushwa tena, njia nzima unatozwa ushuru. Akanibadilishia hita na kikontrola vya 12V vikachukua umeme moja kwa moja kwenye betri. Inveta naiwasha nikitaka kupiga pasi... natania, pasi ya mkaa ipo.

#10 Ngoja_Waje
Umeme unatozwa ushuru hahahaaa. Pole mama kwa mayai.

#11 Mwl_Fizikia
Tufanye hesabu ya mtu mzima. TV wati 50, king'amuzi 15, spika 30, taa nne za wati 7 ni 28, jumla kama 123. Kuanzia saa moja jioni mpaka saa sita ni masaa matano, 615Wh (wati-saa). Inveta inapoteza kidogo ikigeuza, sema anatoa betrini 720. Ongeza inveta kukaa hewani wati 18 mara 24, ni 430. Jumla 1150Wh kwa siku. Sasa mapato. Paneli mbili za 150 kwenye PWM usitegemee 300, inaibana paneli ifuate volti ya betri, utapata ampea 16 au 17 kwenye volti 13, yaani wati 215 jua likiwa kali. Mara masaa matano ya jua zuri, kama 1000, toa hasara ya kuchaji, labda 850 zinaingia. Kila siku anakopa 300. Siku tatu nne betri imekwisha na haijawahi kujaa. Na hapo sijaweka mawingu ya masika. Kwa hiyo Kapteni betri yake imekufa, sawa, ila imeuawa, na Fundi kwenye namba 4 kamtaja muuaji. Toa ile 430 yote uone kama deni lipo.

#12 Kapteni_Sola
Mwalimu ukizitoa 430 zote mpira wa usiku ataangaliza kwa kibatari. Kile kipande cha jioni inveta lazima iwe hewani, kwa hiyo anachookoa ni masaa 19, wati-saa 340. Bado iko sawa nakubali, ila tusidanganyane.

#13 Mwl_Fizikia
Sahihi, 340. Nimekosea hapo.

#14 Moran_wa_Kajiado
Hapa kwetu stima haijafika pia, tunaishi na sola na ng'ombe. Bosi, hiyo simu kuchaji ni simu ngapi kwa siku? Maana umesema "kila kitu nimezima" lakini hiyo umeipitisha haraka haraka.

#15 Kibanda_Liwale
Kama ishirini hivi, ishirini na tano siku ya mnada.

#16 Moran_wa_Kajiado
Wueh! Ishirini na tano na unauliza stima inaenda wapi. Inaenda mnadani.

#17 Mwl_Fizikia
Daah hiyo haikuwemo kwenye hesabu yangu. Simu ya kioo ni kama wati-saa 20 ukihesabu hasara, vitochi ni 5. Zikiwa nusu kwa nusu ni 250 nyingine.

#18 Kibanda_Liwale
Lakini simu ndo zinalipa wakuu, mia tatu tatu. Mpira ni wikiendi tu.

#19 FundiVolti
Hakuna aliyesema uache simu. Nunua vichaji vya USB vya 12V, vile vya kwenye gari, funga mstari wenye fyuzi kutoka kwenye kontrola upande wa LOAD (unaopeleka umeme kwa vitumiaji), simu zichaji humo mchana inveta ikiwa imelala. Taa nazo weka za 12V. Inveta ibaki na TV na king'amuzi basi. Na ule upande wa LOAD una faida, volti zikishuka 11 hivi unakata wenyewe.

#20 Dogo_Sola
Si aiunge na inveta humo humo kwenye LOAD? Ikishuka inakata inveta, tatizo limeisha.

#21 FundiVolti
USIFANYE HIVYO. Kontrola yako ampea 30, inveta ya 2000 ikishtuka inavuta zaidi ya mia.

#22 Kijukuu_cha_Rufiji
Mimi ni shahidi. Nilifanya kama Dogo anavyosema, inveta ndogo tu ya 600, nikasema TV yangu wati 40 nani atajua. Siku ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu nimewasha inveta nikasikia tap, kama mtu kavunja kijiti cha kiberiti, harufu ya plastiki, kontrola ikabaki inaonyesha LOAD ipo na umeme haupo. Nilipoifungua kuna kitu cheusi cha miguu mitatu kimepasuka katikati kama maharage. Fundi akasema inveta ina makapasita makubwa mlangoni, ile dakika unayoiunganisha yanakunywa kwa pupa, haijalishi TV yako ndogo kiasi gani.

#23 Dogo_Sola
Mbona mimi mwaka wa pili sasa?

#24 Kijukuu_cha_Rufiji
Na mimi siku ya pili nilikuwa nasema hivyo hivyo.

#25 FundiVolti
Njia ya kukata inveta ikizidi ni hii. Inveta inaenda moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene na fyuzi yake. Unachokikata sio waya mnene, unakata swichi ya inveta. Inveta nyingi zina tundu la rimoti, au ile swichi ya mbele inabeba mkondo mdogo tu. Hapo unapitisha kikatio cha volti ndogo. Hata Victron kwenye maelezo ya BatteryProtect yao wanakataza kupitisha inveta ndani yake, wanataka itumike kuizima inveta kupitia waya wa rimoti. Kwa mfuko wetu kuna kimoduli kidogo cha XH-M609 chenye namba nyekundu, unakiseti kikate volti fulani kirudishe volti fulani.

#26 Kapteni_Sola
Nakazia na kuongeza, usikiseti kikate 11.8 na kirudishe 12. Betri ukiitoa lodi (vitu vinavyovuta umeme) inapanda yenyewe bila kuchajiwa. Kitakata, betri inapanda 12.1, kinawasha, lodi inashusha, kinakata. Usiku kucha ta-ta-ta-ta kama mtu anabisha hodi, TV yenyewe haivumilii. Weka kirudi 12.8 au 13, yaani mpaka jua liwe limechomoza kweli.

#27 Mzee_wa_Maji_ya_Betri
Na hiyo 11.8 ni ukiwa na lodi au betri imepumzika? Msimchanganye kijana. Betri iliyopumzika masaa kadhaa, 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, 11.8 ni mfuko mtupu. Ikiwa inavuta lodi itasoma chini zaidi ya ukweli. Kwa TV na spika kukata kwenye 11.8 lodi ikiwepo ni sawa. Inveta yenyewe kiwandani imewekwa ilie kwenye 11 au 10.5 na ife kwenye 10 hivi, hiyo ni kuilinda inveta, betri hawana habari nayo. Betri ikifika 10.5 kila usiku ndani inaota chumvi ngumu, msimu mmoja tu inakuwa jiwe la kuzuia mlango.

#28 Ngoja_Waje
Mlango wangu unazuiwa na betri ya N70 toka mwaka juzi. Sikujua ni msiba wa kujitakia.

#29 BiMkubwa_Sola
Jamani nauliza, inveta yangu ina kitufe cha ECO, naambiwa kikiwashwa inalala mpaka ikiona lodi. Mbona hamkitaji?

#30 FundiVolti
Ni kizuri dada, inalala inapiga chabo kila baada ya sekunde kadhaa kama kuna kitu kimewashwa. Shida ni vitu vidogo. Taa ya LED moja au chaja ya simu haitoshi kuiamsha, utaona taa inakonyeza konyeza. Na king'amuzi kikiwa stendibai kinaweza kuiamsha usiku mzima ukadhani imelala.

#31 Kijana_wa_Lithiamu
Mnahangaika na mambo ya zamani. Uza hizo betri za risasi nunua lithiamu ya 100Ah, unaitumia karibu yote, ina BMS ndani (saketi ya kuilinda betri) inakata yenyewe. Uzi ufungwe.

#32 Kapteni_Sola
Usifungwe. BMS ikikata ndo mwisho wa utaratibu, sio utaratibu wenyewe. Kuna kontrola ikiona betri haina volti kabisa haiamki asubuhi hata jua liwe la kupasua kichwa, nimeshaitwa kijiji kizima sababu ya hiyo. Na lithiamu volti yake imelala tambarare, inakaa 13.1, 13.2 karibu safari nzima halafu inaporomoka, kwa hiyo hivyo vikatio vya kusoma volti havijui kama umebaki na nusu au robo. Kwake inahitaji kihesabu ampea. Na hela ya lithiamu ataitoa wapi mtu aliyerudisha mia tano za watu?

#33 Kibanda_Liwale
Nimerudisha NUSU yao.

#34 Kibanda_Liwale
Mrejesho. Leo nimejaribu kupima inveta inavuta ngapi. Nimeweka testa kwenye 10A nikaiunga katikati ya waya wa chanya na betri, nikawasha inveta, testa imezima moja kwa moja haisomi tena.

#35 Mwl_Fizikia
Fyuzi ya ndani ya testa imekwenda. Soma namba 22, makapasita yale yale. Ukishabadili fyuzi fanya hivi: waya wako mnene uache palepale, inveta iwashe itulie, chomoa kila kitu upande wa 220. Testa iunge pembeni, mdomo mmoja kwenye temino ya betri mwingine kwenye ncha ya ule waya wa inveta. Ndipo taratibu uondoe waya kwenye temino, mkondo wote upite kwenye testa. Usiguse TV wala taa wakati huo. Ukimaliza rudisha waya kwanza ndo utoe testa.

#36 Dogo_Sola
Si atumie tu mita ya kubana, ile ya klampu?

#37 Mwl_Fizikia
Nyingi za bei poa zinapima AC tu, kwenye betri zitasoma sifuri atafurahi bure. Lazima iwe inayopima DC.

#38 Kibanda_Liwale
Nimerudi wakuu, samahani nilikuwa nahangaika kutafuta fyuzi. Majibu. Inveta peke yake ampea 1.3. Nikachomeka TV na king'amuzi bila kuviwasha kwa rimoti, yaani taa nyekundu tu, 2.4!! Halafu usiku nimezima inveta na nikazitenganisha betri kama mzee alivyosema. Asubuhi betri ya mwaka jana inasoma 12.5, ile ya mashine ya kusaga 11.3 na hakuna kitu kimeungwa.

#39 Kapteni_Sola
😂😂 Nilisema namba 5. Nilisema.

#40 FundiVolti
Na ile 1.3 niliisema namba 4. Na 2.4 king'amuzi kiko stendibai kinakula karibu sawa na kikiwa hewani, stendibai nayo niliitaja namba 30.

#41 Mwl_Fizikia
2.4 mara masaa 7 ni kama 17. Ile mbovu ikichangia kuvuta mwenzake usiku kucha na betri zenyewe hazijawahi kujaa kwa hesabu ya namba 11. Sioni mmoja aliyeshinda hapa.

#42 Mzee_wa_Maji_ya_Betri
Toa hiyo mbovu leo. Bora ubaki na moja nzima kuliko nzima na mgonjwa. Na ukija kununua usiunge mpya na hii ya mwaka jana.

#43 Moran_wa_Kajiado
Mzee, ya mwaka mmoja na mpya si sawa tu? Mimi nimeunga hivyo na ng'ombe hawajalalamika.

#44 Mzee_wa_Maji_ya_Betri
Zikiwa aina moja na ukubwa mmoja na ya zamani imepimwa nzima, utaponea. Mimi siwezi kukushauri hivyo.

#45 Kibanda_Liwale
Jumapili ile ya bure imepita. Betri moja, taa mbili nimeshaweka za 12V, king'amuzi na TV nimeviweka kwenye soketi ya swichi navikata ukutani. Mpira umeisha betri inasoma 12.0 lodi ikiwepo. Ila kitu kipya, kila watu wakishangilia na mimi nikaongeza sauti besi inapiga inveta inatoa pii fupi, pii, pii. Testa kwenye betri haishuki chini ya 11.9. Na bado haijazima.

#46 Kijukuu_cha_Rufiji
Waya wako kutoka betri mpaka inveta ni milimita ngapi?

#47 Kibanda_Liwale
Sita, ule wa nyumba. Mita mbili hivi.

#48 FundiVolti
Ndio huyo. Inveta ya 2000 kwa 12V inataka waya wa hamsini na kuendelea, wa sita ni wa tochi.

#49 Mwl_Fizikia
Subiri, kwa lodi yake ya wati mia na kitu ni ampea 12. Waya wa sita mita mbili kwenda na mbili kurudi unapoteza kama volti 0.14. Akiongeza besi sema 0.25. Haiwezi kuifanya inveta ilie kama betri ina 11.9. Ni mwembamba na ni hatari siku akichomeka kitu kikubwa, sawa, lakini sio anayepiga pii.

#50 Mzee_wa_Maji_ya_Betri
Kijana pima volti kwenye miguu ya inveta yenyewe, sio kwenye betri, besi ikiwa inapiga. Halafu gusa temino kwa mkono.

#51 Kibanda_Liwale
Kwenye inveta 10.8 mpaka 10.6, kwenye betri 11.9. Temino ya hasi imenichoma kidole.

#52 Kapteni_Sola
Piga picha tuone ulivyounga.

#53 Kibanda_Liwale
[picha]

#54 Ngoja_Waje
Wakuu njooni muone. Vibanio. Inveta ya wati 2000 imeshikwa na vibanio vya kuanikia nguo 😭

#55 Kibanda_Liwale
Sio vya nguo, vilikuja na inveta kwenye boksi.

#56 FundiVolti
Vinakuja kwenye boksi kweli, ni vya kujaribia tu. Na hiyo poda nyeupe ya kijani kwenye hasi iondoe kwa maji ya moto na magadi, sugua, kausha, weka lagi (vichwa vya waya) za kubana na nati, paka grisi.

#57 Kapteni_Sola
Ngoja kwanza, inawezekana hata ile 10.9 ya asubuhi kwenye namba 1 aliisoma kwenye inveta sio kwenye betri. Mkuu ulikuwa unasoma wapi?

#58 Kibanda_Liwale
Kwenye kioo cha inveta.

#59 Mwl_Fizikia
Eeh Mungu wangu.

#60 Kapteni_Sola
Lakini usiku lodi ni ampea mbili tu, kibanio hakiwezi kula volti nzima kwa ampea mbili. Kwa hiyo mbovu bado ni mbovu.

#61 FundiVolti
Au kile kioo cha inveta kinadanganya. Nimeziona nyingi zinasoma chini kwa 0.3.

#62 MamaVifaranga
Mkifika muafaka mnishtue, nina trei ingine inaingia Jumatano. Na Moran nijibu inboksi ile ya kuku wa Kienyeji wa kwenu.

#63 Kibanda_Liwale
Magadi nimepata, lagi hakuna duka lolote hapa mpaka gari la Nachingwea lije Alhamisi. Ile mbovu nimemrudishia jamaa wa mashine ya kusaga, anasema kwake ilikuwa nzima.